Maswali ya Wasomaji: Kwenda Sundarbans, Msitu wa Mikoko Wenye Chui Milia

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya ukurasa mzima, unyayo wa chui milia juu ya tope la Sundarbans, ukiwa umejaa maji nusu. Picha hiyo imetuletea barua nyingi, na kwa kuwa niliipiga mwenyewe katika safari ya pili kati ya mbili nilizofanya huko, ya kwanza upande wa India na ya pili upande wa Bangladesh, mhariri amenikabidhi mimi kazi ya kuzijibu. Barua zilizouliza jambo moja nimeziunganisha.

SWALI: Mimi na mke wangu tumestaafu mwaka huu na tumeweka akiba kwa ajili ya safari moja tu kubwa, nayo tumeamua iwe ya Sundarbans. Kila tunaposoma tunachanganyikiwa, kwani mara tunaambiwa msitu huo uko India, mara uko Bangladesh. Uko wapi hasa, tuingilie upande gani, na tuwe na matumaini kiasi gani ya kumwona chui milia kwa macho yetu? — Mstaafu

JIBU: Mzee wetu, shikamoo, wewe na mama. Yote mliyosoma ni kweli, kwa kuwa msitu ni mmoja na mpaka wa nchi mbili umepita katikati yake. Sundarbans umeota katika delta ambako mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna humwaga maji yake kwenye Ghuba ya Bengal, na ukubwa wake, ukijumlisha visiwa na maji yanayovizunguka, unakaribia kilomita za mraba 10,000, ambazo sehemu sita kwa kumi hivi ziko Bangladesh na zilizobaki ziko India katika jimbo la West Bengal. India ilitenga sehemu yake kuwa hifadhi ya chui milia mwaka 1973, ikatangaza hifadhi ya taifa mwaka 1984, na mwaka 1987 hifadhi hiyo ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sehemu ya Bangladesh iliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 1997.

Upande wa India safari huanzia Kolkata. Mtapanda gari hadi gati la Godkhali, mwendo wa kilomita 100 hivi ambao huchukua kama saa tatu kwa sababu barabara inapita katikati ya miji midogo na masoko, au mtapanda treni katika stesheni ya Sealdah hadi Canning na kumalizia kwa gari. Barabara inakomea Godkhali. Ng'ambo ya mto ni Gosaba, na kuanzia hapo mtasafiri kwa mashua za mbao zenye injini ambazo wenyeji huziita bhotbhoti, jina linalotokana na mlio wake. Sajnekhali ndiko idara ya misitu inakokagua hati na kutoa vibali, na hakuna mashua ya wageni inayoruhusiwa kuingia hifadhini bila mwongozaji anayetambuliwa na idara hiyo. Kutoka hapo mtazungukia minara ya kutazamia ya Sudhanyakhali na Dobanki, na mkiomba kibali mapema mnaweza kufika Netidhopani, kwenye magofu ya hekalu linalosemekana kuwa na umri wa miaka 400 hivi, ambako mashua zinazoruhusiwa kwa siku ni chache. Magharibi ikikaribia wageni wote huwa wamekwisha kutoka hifadhini, nanyi mtalala kitandani katika nyumba za wageni za vijiji vya Pakhiralay au Dayapur, mkitenganishwa na msitu kwa upana wa mto tu.

Upande wa Bangladesh huanzia Khulna au bandari ya Mongla, na tangu daraja la mto Padma lifunguliwe mwezi Juni 2022, safari ya barabara kutoka Dhaka imefupika sana kwa kuwa magari hayasubiri tena pantoni. Karibu na Mongla kuna Karamjal, mahali penye kituo cha kuzalisha mamba, na wageni wengi huishia hapo kwa siku moja wakarudi na kusema wameiona Sundarbans. Msiishie hapo. Pandeni meli ndogo ya siku tatu inayoteremka kusini hadi Kotka na Kochikhali, karibu na bahari, yenye vyumba vya kulala na mpishi, pamoja na mlinzi wa idara ya misitu mwenye bunduki anayefuatana na wageni kila wanaposhuka nchi kavu.

Mkiniuliza ningechagua upi, ningechagua meli ya Bangladesh kama miguu ya mama inaweza kupanda na kushuka ngazi nyembamba, na sababu yangu ni alfajiri moja tu. Kabla jua halijachomoza walituteremsha katika mashua ya makasia, watu wanane, tukaingia katika hori lisilozidi upana wa mitaa yetu ya kawaida, na nahodha akatuomba tusiseme lolote. Ilisikika kasia ikidondosha maji, kisha tope likaanza kutoa sauti ndogo ndogo za kupasuka, kama uji unaochemka polepole, kwa sababu maji yalikuwa yakipwa na maelfu ya mashimo ya kaa yalikuwa yakifunguka. Injini ikiwaka, mambo hayo yote hayasikiki.

Kuhusu matumaini, ni heri niwaambie ukweli sasa kuliko mkaujua huko. Hesabu ya Bangladesh iliyotangazwa mwaka 2024 ilipata chui milia 125, kutoka 114 mwaka 2018 na 106 mwaka 2015, na hesabu ya India ya mwaka 2022 ilipata takriban 100 katika upande wake. Kwa msitu wote, basi, kila chui milia ana zaidi ya kilomita za mraba 40 za visiwa, mahori na vichaka ambavyo jicho la binadamu halipenyi hata hatua tano. Wageni wengi wanaondoka bila kumwona. Mimi mwenyewe katika safari zote mbili, zenye siku saba kwa jumla, nilimwona mara moja, kwa muda usiotosha kuinua darubini. Kama akiba yenu yote ni kwa ajili ya kumwona chui milia tu, nendeni katika hifadhi za nchi kavu za India ya kati kama Kanha au Bandhavgarh, ambako hupita barabarani mbele ya magari. Sundarbans nendeni kwa ajili ya msitu wenyewe, mkijua kwamba yeye yumo.

SWALI: Mume wangu anataka twende na binti yetu wa miaka tisa. Nimesoma kwamba chui milia wa huko wanakula watu. Je, ni kweli, na je, mama mwenye akili timamu anaweza kumpeleka mtoto mahali kama hapo? — Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Dada yangu, wasiwasi wako una msingi, na sitakuambia kwamba uliyoyasoma ni uvumi. Kwa mamia ya miaka watu wengi wameuawa na chui milia katika msitu huu kuliko karibu mahali popote pengine duniani, na hata leo hakuna mwaka unaopita bila vifo. Hata hivyo waliouawa ni akina nani? Ni wavuvi waliosogeza mitumbwi kwenye mahori membamba, wachota kaa wanaoinama kwenye tope, wakata majani ya golpata ya kuezekea nyumba, na warina asali. Wote hao wanaingia kwa miguu au kwa chombo kidogo, wanainama, wanashughulika na kazi inayowafunga macho, na wanafika mahali ambapo mgeni haruhusiwi kufika. Mgeni hukaa juu ya mashua kubwa katikati ya maji, na anaposhuka huwa ndani ya uzio wa mnara au pamoja na mlinzi mwenye silaha. Kwa mtoto wako mimi ningehofia zaidi maji kuliko chui. Avae jaketi la kujiokolea saa zote, asining'inize mikono wala miguu nje ya mashua kwa sababu mamba wa maji chumvi wamo, asipande ukingoni kupiga picha, na nchi kavu asitangulie watu wazima hata hatua moja. Akiweza kutii hayo, mpeleke.

Lakini kwa kuwa umeuliza kuhusu watu wanaoliwa, naomba niendelee kidogo, maana hilo ndilo jambo ambalo wageni hulipita haraka mno. Warina asali, wanaoitwa mouali, huingia msituni kuanzia mwezi Aprili, mikoko inapochanua. Hutembea kwa kundi juu ya mizizi iliyochongoka kama misumari, na kazi yao inawalazimu kutazama juu, wakifuata mstari wa nyuki angani mpaka kwenye sega. Chui milia huvizia kutoka nyuma na hupendelea kumshika mtu shingoni. Hebu fikiria mtu anayetembea akitazama angani, katika msitu ambao hatari yake hutoka mgongoni. Katika miaka ya 1980, upande wa India, wafanyakazi wa msituni walipewa vinyago vya uso wa binadamu wavivae kisogoni, ili chui adhani kwamba anatazamwa, na kwa muda mbinu hiyo ilisaidia kweli, ila baadaye ilielekea kwamba baadhi ya chui walikwisha kuizoea. Waliweka pia masanamu ya watu yaliyounganishwa na umeme, ili chui anayeyashambulia apate mshtuko. Kilichodumu zaidi ni kitu rahisi kuliko hivyo vyote, wavu wa nailoni uliotandazwa kando ya msitu unakotazamana na vijiji, ambao umepunguza sana chui wanaovuka kuingia kwa watu.

Kabla ya kuingia, warina asali na wavuvi, Waislamu kwa Wahindu, humwomba Bonbibi, bibi wa msitu. Husimulia habari za Dukhe, kijana maskini mwenye mama mjane, ambaye tajiri wa asali alimwacha kisiwani makusudi ili aliwe na Dokkhin Rai, mfalme wa kusini anayejigeuza chui. Mama yake alikuwa amemwusia kwamba shida ikimfika amwite Bonbibi, naye alipoita akaokolewa. Masharti ya Bonbibi ni kwamba mtu aingie msituni kwa mikono mitupu na moyo safi, na asichukue zaidi ya haja yake. Nilivutiwa pia na jambo dogo la lugha, kwamba watu wengi wa huko wakiwa msituni hawamtaji chui kwa jina lake, bali humwita mama, neno ambalo katika Kibengali maana yake ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Binti yako akilisikia neno hilo mashuani, atajua anatajwa nani.

Katika vijiji vya kandokando wako wanawake wengi wanaoitwa bagh-bidhoba, yaani wajane wa chui. Mahali pengine wametengwa na jamaa zao kwa kudhaniwa kwamba walileta mkosi, na ikiwa mume aliuawa akiwa ameingia bila kibali au katika eneo lililokatazwa, kupata fidia huwa ni mlima mrefu. Chagueni nyumba ya wageni inayoajiri wanakijiji na kununua samaki na asali kwao. Kijiji kinachopata riziki kutoka kwa chui aliye hai kina sababu ya kumvumilia, na baba anayepata mshahara wa uongozaji halazimiki kwenda kurina.

SWALI: Ninafundisha jiografia, na wanafunzi wangu wameniuliza maswali mawili niliyoyajibu kwa kubabaisha. Miti inawezaje kuota ndani ya maji ya chumvi, na paka mkubwa kiasi hicho anakunywa nini mahali ambapo maji yote ni ya chumvi? — Mwalimu

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza maswali ambayo msitu wote umejengwa juu yake.

Shida ya kwanza ya mti wa mikokoni ni hewa, hata kabla ya chumvi. Tope la delta ni laini na limeshikana kiasi kwamba hakuna hewa ndani yake, basi mizizi haiwezi kupumua ikiwa chini. Ndiyo maana miti mingi ya Sundarbans husukuma juu mizizi ya kupumulia, inayosimama wima kama vigingi, mingine mifupi kama kidole na mingine ikifika magotini, na maji yanapopwa mizizi hiyo huvuta hewa kupitia vitundu vidogo. Kuhusu chumvi, baadhi ya miti huichuja mizizini isiingie, na mingine huiruhusu kisha huitoa kwa njia ya majani, hata ukilamba jani la mchu utaionja.

Majina ya miti hiyo yatawafurahisha wanafunzi wako, kwa sababu lugha yetu ni ya watu wa pwani na ina majina ya jamii hizo hizo. Mti ambao wengi husema ndio uliompa Sundarbans jina lake, sundari, ni wa ukoo mmoja na msikundazi. Goran ni wa ukoo wa mkandaa. Keora ni ndugu wa mlilana, na mchu na mkomafi nao wanao ndugu zao kule. Mitende mifupi ya hental, yenye makuti ya rangi ya manjano na kijani yaliyopangana kama milia, ndiko waongozaji hutazama kwanza wanapomtafuta chui, kwani akijilaza humo anapotea kabisa.

Sundari anahitaji maji yasiyo na chumvi nyingi, na hapo ndipo penye uchungu wa msitu huu. Matawi mengi ya mto Ganges yaliyokuwa yakileta maji baridi yamepungua au yameziba kwa mchanga, na tangu lambo la Farakka, lililojengwa India juu ya mto huo, lianze kazi mwaka 1975 maji yanayofika Bangladesh wakati wa kiangazi yamepungua pia, huku usawa wa bahari ukipanda. Matokeo yake sundari wengi hukauka kuanzia kileleni kushuka chini, na sehemu zenye chumvi nyingi zinatawaliwa na miti mifupi inayoivumilia. Ukiwa kwenye meli unayaona kwa macho, vilele vya kijivu vilivyochomoza juu ya kijani.

Sasa tuje kwa mnyama. Chui milia wa Sundarbans hunywa maji ya chumvi kiasi yaliyochanganyika na ya mto, na idara za misitu zimechimba madimbwi ya maji ya mvua, ndiyo maana minara mingi imejengwa ikitazama dimbwi. Wako waliosema kwamba chumvi ndiyo inayomfanya awe mkali kwa watu, lakini jambo hilo halijathibitishwa, na mimi naona maelezo ya watu kuingia makazi yake kwa miguu kila siku yanatosha. Ni mwogeleaji hodari, huvuka mito mipana kutoka kisiwa hadi kisiwa, na chakula chake kikuu ni mbawala wenye madoadoa na nguruwe mwitu, ingawa hula pia kenge, samaki na hata kaa. Labda kwa sababu ya lishe hiyo, mwili wake ni mdogo kuliko wa wenzake wa bara, kwani majike wachache waliopimwa walikuwa na uzito wa kilo 75 hadi 80 hivi, wakati majike wa misitu ya nchi kavu ya India huzidi kilo 100.

Waambie wanafunzi wako na hili, ambalo mimi nililiona Kotka. Kima walikuwa juu ya mti wa keora wakila, na kila walipovunja kitawi kikaanguka, mbawala waliokuwa chini walikimbilia majani yake, kwa sababu wasingeweza kuyafikia. Mwongozaji alituambia tuwatazame mbawala masikio. Kima huona mbali, mbawala hunusa na kusikia mbali, na mmoja wao akipiga ukelele wa hatari wote wawili hutoweka. Siku hiyo hakuna aliyepiga ukelele, wakaendelea kula mpaka maji yalipoanza kujaa.

SWALI: Mwezi gani ni mzuri? — Msomaji

JIBU: Kuanzia Novemba hadi Februari. Wakati huo kuna baridi ya asubuhi, na chui milia hupenda kutoka kuota jua kwenye kingo za tope, ijapokuwa Disemba na Januari ukungu unaweza kufunga mto mpaka saa tatu au saa nne asubuhi. Machi bado panafaa. Aprili na Mei joto na unyevu huchosha, na Mei ni mwezi wa vimbunga, kama Aila cha mwaka 2009 na Amphan cha mwaka 2020, ingawa Sidr, kilichoua maelfu ya watu Bangladesh, kilipiga Novemba mwaka 2007, hivyo utabiri wa hali ya hewa usidharauliwe hata msimu huo mzuri. Bangladesh hufunga msitu wake kwa wageni na wavuvi kuanzia Juni hadi Agosti, ili samaki na wanyama wazaliane kwa utulivu. Zaidi ya mwezi, ulizia pia mwezi wa angani, kwa sababu wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa mbali sana na tope pana hubaki wazi, na wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo.

SWALI: Nibebe nini, na je, naweza kurusha droni? — Mpiga picha

JIBU: Droni iache nyumbani, kwa kuwa hairuhusiwi kurushwa hifadhini bila kibali maalumu, na ndege wa msitu huo, wakiwemo midiria wa aina nyingi, hawastahili usumbufu huo. Beba darubini kabla ya kufikiria kamera. Vaa nguo za rangi ya udongo au kijani iliyofifia, uwe na sweta, na viatu vyako viwe vile ambavyo huna huruma navyo, kwani tope la kule halitoki kwa siku moja. Chupa za plastiki zisibaki msituni hata moja. Kama unatoka katika nchi iliyo kwenye orodha ya homa ya manjano, India itakudai cheti cha chanjo mpakani, na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini, basi chanja angalau siku kumi kabla ya kuondoka.

SWALI: Nilikwenda Sundarbans mwaka jana kwa siku moja, na mwenye mashua alituahidi kabisa kwamba tungemwona chui. Tulikimbizwa kwa injini kutoka mnara hadi mnara huku muziki ukipigwa, hatukuona chochote zaidi ya kima na nguruwe, na mpaka leo najisikia nimeibiwa. Nyinyi mnaosifu mahali hapo mliona nini ambacho mimi sikukiona? — Aliyerudi mikono mitupu

JIBU: Ndugu yangu, pole. Kwa maelezo yako, aliyekuahidi chui ndiye aliyekukosea, kwa kuwa hakuna mtu duniani mwenye uwezo wa kutoa ahadi hiyo, na mwongozaji wa kweli huanza kwa kukuambia hivyo. Safari ya siku moja kutoka mjini hukufikisha msituni karibu na adhuhuri, wakati wa joto ambapo wanyama wamekwisha kujilaza, na hukuondoa kabla ya jioni. Ukipata moyo wa kurudi, kabla hujalipa chochote muulize mwenye mashua maswali matatu. Mtalala siku ngapi? Asubuhi mashua itang'oa nanga saa ngapi? Atazima injini mara ngapi, kwa muda gani? Akikujibu la tatu kwa kukushangaa, tafuta mwingine.

Umeuliza tuliona nini. Nami nitakujibu kwa ile picha. Mwongozaji wetu, mtu wa makamo ambaye baba yake alikuwa mrina asali, hakutazama vichaka hata kidogo wakati maji yanapopwa. Alitazama mstari, yaani pale rangi ya tope inapobadilika na kuonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Alinieleza kwamba unyayo ulio juu ya mstari unaweza kuwa wa juzi, ila unyayo ulio chini yake lazima umewekwa baada ya maji kuanza kushuka, kwa sababu bahari ya huko hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila maji yanapojaa hufuta kila kitu. Nikatazama pale alipoelekeza kidole. Zilikuwa nyayo kumi na moja, zikitoka kwenye mitende ya hental na kushuka moja kwa moja hadi majini, zote chini ya mstari. Ng'ambo ya pili, kama mita mia mbili hivi, zilikuwepo nyingine zikipanda kutoka majini, na mbele ya hizo tope lilikuwa limeburutwa na kuchafuliwa mahali ambapo mwili mzito uliolowa ulijivuta kupanda ukingo.

Mashua ilisogezwa karibu na ukingo, injini ikiwa imezimwa, na mimi nikainama kutoka ubaoni. Unyayo uliokuwa karibu nami ulikuwa mpana kuliko kiganja changu kilichokunjuliwa, bila alama ya kucha hata moja, na kingo zake zilikuwa kali, hazijalegea. Kaa mdogo mwenye gando moja kubwa jekundu alikuwa amesimama ndani ya kidole kimoja. Maji yalikuwa yamekwisha kugeuka na kuanza kujaa. Yaliingilia kwenye kisigino, yakazunguka, yakajaza vidole kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipopiga ile picha. Nilipomaliza kurekebisha kamera ili nipige ya pili, unyayo haukuwepo tena, na mwongozaji alikuwa amekwisha kugeukia ng'ambo, akiangalia hental kwa makini, akiwa ameinua mkono tunyamaze.